Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi: Mazungumzo juu ya Nyonga na Upasuaji wa Pili

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa vijana wa michezo na wenzetu wenye ulemavu. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalo lakini hatulisemi. Yupo mtu aliyepasuliwa mguu au nyonga akaambiwa atapona, naye hakupona. Anachechemea, usiku halali, na akiulizwa hali anajibu kuwa ni nzuri. Ukimwambia arudi hospitali anakasirika na kusema, "Nimekwisha kukatwa mara moja, yatosha." Pengine mtu huyo ni jirani yako, na pengine ni wewe mwenyewe.

Katika nyumba yetu mtu huyo alikuwa kaka yangu mkubwa. Yeye amekubali nieleze habari zake, na leo ameketi hapa mbele pamoja nanyi. Nitafika kwake. Kwanza nitakueleza habari za mwanamichezo wa mbali ambaye yalimpata kama hayo, naye mambo yake yanajulikana duniani kote.

HABARI ZA ANDY MURRAY

Jina lake ni Andy Murray, mtu wa Uskoti katika nchi ya Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1987. Mchezo wake ni tenisi. Mchezo huu hatuuchezi hapa kambini, basi nieleze kidogo. Watu wawili wanasimama pande mbili za wavu na kupigiana mpira mdogo kwa kifaa cha mkono. Mchezaji hukimbia, husimama ghafla, hugeuka, hujinyoosha na kukimbia tena, na mechi moja huweza kuchukua saa nne au tano. Kila anapogeuka ghafla, uzito wa mwili unaangukia nyonga.

Murray alikuwa mtoto wa miaka 8 tarehe 13 Machi 1996, siku ambayo mtu mwenye bunduki aliingia katika shule ya mji wao wa Dunblane akaua watoto 16 na mwalimu mmoja. Murray na kaka yake walikuwa wanafunzi wa shule hiyo, na siku hiyo walikuwapo shuleni. Nalitaja hili ili usifikiri kuwa tunazungumza juu ya mtu aliyelelewa bila kuona ubaya wa dunia.

Alikua akawa mchezaji mkubwa. Mwaka 2012 alipata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya London, na mwaka 2016 akaipata tena huko Rio de Janeiro. Mwaka 2013 alishinda mashindano ya Wimbledon. Waingereza walikuwa wamengoja miaka 77 mwanamume wa kwao ashinde mashindano hayo upande wa mchezaji mmoja mmoja. Mwaka 2016 alishinda tena Wimbledon, na mwezi Novemba mwaka huo akahesabiwa kuwa mchezaji wa kwanza duniani.

Lakini nyonga yake ya kulia ilikuwa ikimsumbua kwa miaka mingi. Julai 2017 watu walimwona uwanjani Wimbledon akichechemea mpaka akashindwa, na hakucheza tena katika mashindano mwaka huo. Januari 2018 alipasuliwa huko Melbourne, Australia. Madaktari walipita katika matundu madogo ili kutengeneza kiungo bila kukifungua chote. Baada ya miezi mitano akarudi uwanjani.

Hapa ndipo nataka usome vizuri. Alirudi, lakini maumivu hayakuondoka. Agosti 2018 alishinda mechi moja huko Washington iliyomalizika saa tisa usiku. Mtu akishinda hufurahi, lakini yeye aliketi akajifunika uso kwa taulo akalia. Januari 2019 alizungumza na waandishi wa habari huko Melbourne. Alianza kusema akashindwa, akatoka nje, kisha akarudi. Aliwaambia kuwa hata kuvaa soksi na viatu kunamwumiza, na kwamba huenda mashindano hayo yakawa ya mwisho kwake. Akacheza mechi moja, akashindwa baada ya kupigana seti tano, na uwanjani wakamwonyesha picha za wachezaji wenzake wakimwaga. Kila mtu alijua amekwisha.

Sisemi kuwa daktari wa kwanza alikosea. Kiungo kikiwa kimeharibika sana, yako matengenezo madogo ambayo hayatoshi, hata yakifanywa na fundi hodari. Ukibandika kiraka kwenye turubali lililooza, kiraka ni kizima lakini maji yanapita pembeni.

UPASUAJI WA PILI

Alikuwako mchezaji mwingine wa tenisi, Mmarekani anayeitwa Bob Bryan, ambaye alikuwa amewekewa chuma katika nyonga mwaka 2018 na kurudi uwanjani Januari 2019. Murray alizungumza na mwenzake huyo, akauliza, akapima. Mwishoni mwa Januari 2019 alipasuliwa mara ya pili, huko London. Safari hii kichwa cha mfupa wa paja kilichongwa na kuvikwa kofia ya chuma, na ndani ya kikombe cha nyonga kikawekwa kikombe cha chuma.

Hakurudi kwa mbio. Alianza kutembea, kisha mazoezi madogo, kisha kupiga mpira akiwa amesimama. Juni 2019 akaingia uwanjani katika mchezo wa wawili wawili, ambapo mwenzako anakusaidia kufunika uwanja. Yeye na Mhispania Feliciano Lopez wakashinda mashindano hayo jijini London. Baadaye akaanza kucheza peke yake, akashindwa, akajaribu tena. Oktoba 2019, kabla hata miezi tisa haijatimia tangu apasuliwe, akashinda mashindano ya Antwerp, Ubelgiji. Hapo pia alilia, lakini machozi yale hayakuwa ya Washington.

Ni lazima nikueleze ukweli wote. Hakurudi tena kuwa wa kwanza duniani, wala hakushinda tena Wimbledon. Lakini Januari 2023, akiwa na miaka 35 na chuma ndani ya nyonga, alicheza Melbourne mechi ya saa 5 na dakika 45 iliyomalizika saa kumi alfajiri, akashinda. Aliacha mchezo mwaka 2024, baada ya Olimpiki ya Paris, akiwa na miaka 37. Aliacha kwa kupenda kwake, katika siku aliyoichagua. Hiyo ndiyo faida kubwa aliyoipata, pamoja na kuweza kuvaa soksi zake asubuhi bila maumivu.

Najua unachofikiri. Unasema, "Yule ni tajiri wa Ulaya. Sisi tunasubiri mgawo. Inatuhusu nini?" Swali lako ni la haki, nami nitalijibu. Kwanza tuielewe nyonga yenyewe.

NYONGA NI NINI, NA KWA NINI INAHARIBIKA

Nyonga ni mahali mfupa wa paja unapoungana na kiuno. Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo kama mpira mdogo. Kichwa hicho kinazunguka ndani ya kikombe kilichomo katika mfupa wa kiuno. Kati ya kichwa na kikombe kuna gegedu, yaani kitu laini na chenye utelezi kinachozuia mfupa kusagana na mfupa. Ukitembea tu bila mzigo, kila hatua inaubebesha mfupa huo zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili wako. Sasa ongeza dumu la lita 20 kichwani, au mzigo wa kuni.

Nyonga huharibika kwa njia nyingi. Nitataja zile ambazo zinatuhusu hapa.

Kwanza, kuvunjika kwa shingo ya mfupa wa paja. Damu inayolisha kichwa cha mfupa hupita katika shingo hiyo. Ikivunjika, damu inaweza kukatika, na kichwa kikafa polepole hata baada ya mfupa kufungwa kwa skrubu. Mgonjwa anaona ameanza kupona, kisha baada ya miezi, au hata mwaka, maumivu yanarudi.

Pili, ugonjwa wa selimundu, ambao wengine tunauita siko seli. Chembe za damu zinaziba mishipa midogo, na kichwa cha mfupa kinakosa damu. Kijana mwenye selimundu anayeanza kuchechemea asiambiwe kuwa ni uvivu.

Tatu, viini vya magonjwa vinavyoingia katika kiungo, pamoja na kifua kikuu, ambacho huweza kushika mifupa na si mapafu peke yake. Mama, mtoto wako akiwa na homa na akakataa kukanyaga mguu mmoja, usingoje kesho. Mpeleke siku hiyo hiyo, maana usaha ndani ya nyonga ya mtoto unaweza kukiharibu kiungo kwa siku chache tu. Tena ujue kuwa maumivu ya nyonga mara nyingi hujitokeza kwenye kinena, na huweza kushuka mpaka gotini. Mtoto anayechechemea na kulalamikia goti, omba apimwe na nyonga pia.

Nne, pombe kali inayonywewa kila siku kwa miaka, na vidonge vinavyouzwa sokoni bila daktari. Hapa nasema kwa uchungu. Viko vidonge vinavyoitwa deksamethasoni na prednisoloni. Ni dawa nzuri mikononi mwa daktari. Lakini watu wanavinunua kimoja kimoja ili kuondoa maumivu, au ili wanenepe. Vikimezwa kwa muda mrefu vinafanya uso uvimbe, vinadhoofisha mifupa, na vinaweza kuua kile kichwa cha mfupa tulichokitaja. Mtu anameza dawa ya nyonga, na dawa ile ile inaila nyonga. Lakini kama umekwisha kuvimeza kwa wiki nyingi, usiviache ghafla, maana hilo nalo ni hatari. Nenda kituo cha afya useme ukweli, wakupunguzie polepole.

HABARI ZA KAKA YANGU

Kaka yangu alikuwa golikipa. Wengi wenu mnamkumbuka. Masika ya mwaka juzi aliruka kuudaka mpira akaanguka vibaya juu ya ardhi kavu ya golini, akashindwa kuinuka. Alipelekwa nje ya kambi akapasuliwa, akawekewa skrubu. Tulishukuru Mungu. Alitembea kwa magongo miezi mitatu, akayaacha, akaanza hata kufundisha watoto kudaka.

Kisha maumivu yakarudi. Mwanzoni alisema ni baridi. Halafu akaacha kwenda uwanjani. Akaacha kwenda kupokea mgawo, akawa ananituma mimi. Mama alimchemshia majani, akamkanda kwa maji ya moto. Mganga wa mifupa alikuja akamvuta mguu, na usiku ule tulisikia kilio chake mpaka nyumba ya tatu. Nilipomwambia arudi kituo cha afya, alinijibu, "Mdogo wangu, unataka waniue?" Tukaacha kusemezana kwa wiki mbili.

Baadaye niliona uso wake umevimba. Nikapekua chini ya mkeka nikakuta pakiti ya vidonge isiyo na jina. Mimi ni mtumishi wa jamii. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu wasinunue dawa za sokoni, na nyumbani kwetu zilikuwa chini ya mkeka. Nawaambieni, niliona haya.

Sikumgombeza. Nilimweleza habari za huyu Murray kama nilivyokueleza wewe. Hakusema neno. Siku ya tatu aliniuliza, "Huyo mzungu alilia mbele ya watu?" Nikamjibu, "Ndiyo, alilia mbele ya dunia nzima." Akanyamaza. Kesho yake akatoa kadi yake ya hospitali mahali alipokuwa ameificha, akasema twende.

Alipigwa picha. Daktari akatuonyesha kuwa kichwa cha mfupa kimekufa na kubonyea, na skrubu moja imejitokeza inakwaruza kikombe. Kumbe muda wote alipokuwa akijikaza kiume, chuma kilikuwa kikisaga nyonga yake. Daktari hakumlaumu, wala hakuwalaumu waliompasua. Alisema jambo hili hutokea baada ya mfupa wa namna ile kuvunjika, na kwamba angekuja mapema pangekuwa na njia nyingi zaidi.

NJIA ZILIZOPO

Yule daktari alitueleza njia hizi, nami nakupa wewe kama nilivyozielewa.

Njia ya kwanza ni kutoa chuma kinachokwaruza. Ni upasuaji mdogo kuliko mingine. Haumrudishi mtu kuwa mzima kabisa, lakini unazuia uharibifu kuendelea na huweza kupunguza maumivu.

Njia ya pili ni kuweka nyonga ya bandia. Kazi hii ilipata nguvu baada ya mwaka 1962, pale daktari Mwingereza John Charnley alipoanza kutumia kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya nyonga za bandia hudumu miaka 25. Lakini hazidumu milele. Zinaweza kulegea, kuteguka, kulika au kuingiwa na viini. Hapo hufanywa upasuaji wa marekebisho, yaani kutoa cha zamani na kuweka kipya, na kazi hiyo ni ngumu kuliko ile ya kwanza. Kukiwa na usaha, mara nyingi madaktari hufanya kwa awamu mbili: wanatoa chuma, wanamtibu mgonjwa kwa dawa wiki nyingi, ndipo wanaweka kingine. Kwa sababu hiyo madaktari husita kumwekea kijana mdogo nyonga ya bandia, maana atahitaji nyingine baadaye.

Njia ya tatu ni kukiondoa kichwa cha mfupa kilichooza bila kuweka kingine. Mguu unakuwa mfupi, na mtu anatembea kwa gongo na kiatu kilichoinuliwa, lakini maumivu makali yanapungua.

Sasa nalijibu swali lako la haki. Nyonga ya bandia ni ghali, na fedha za rufaa hazitoshi wote. Kamati ya rufaa inapima nani ana hatari ya kufa, nani ataponywa, na ni kwa gharama gani. Mama mjamzito anayetokwa na damu atatangulia mbele ya nyonga, na ni haki atangulie. Sitakudanganya kuwa kila mwenye nyonga mbovu atapata chuma kama cha Murray. Anayekuahidi hivyo kwa kuomba fedha ni mwizi. Kupelekwa kwa kamati hakulipiwi chochote, na anayekudai kitu toa habari zake.

Lakini tazama. Kaka yangu alipoteza mwaka mzima kwa sababu ya hasira, aibu na vidonge, na fedha hazikuwa sababu. Picha aliyopigwa, ushauri aliopewa, magongo, mazoezi, na jina lake kuandikwa mbele ya kamati, vyote hivyo vilikuwapo siku zote. Tuanzie hapo, kwenye vile vilivyopo.

MAMBO YA KUFANYA

1. Tunza karatasi zako. Kadi ya kutoka hospitali, picha za mifupa, majina ya dawa. Zifunge katika mfuko wa nailoni na kuzitundika mahali pakavu, pamoja na kadi yako ya mgawo. Daktari wa pili akikosa karatasi za daktari wa kwanza, anaanza safari gizani.

2. Rudi siku uliyoambiwa urudi, hata kama huumwi. Na ukiumwa kabla ya siku hiyo, usiingoje.

3. Jua dalili za hatari baada ya upasuaji. Jeraha linalotoa usaha au kuwa jekundu na la moto, homa, mguu uliokuwa sawa kuwa mfupi ghafla au kupinda, kushindwa kukanyaga, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Kuvimba na kuuma kwa shavu la mguu, au kubanwa pumzi ghafla, ni dharura. Hapo damu huenda imeganda, na watu wanapaswa kukubeba usiku huo huo.

4. Uliza. Mwulize daktari maswali haya: Nini kimeharibika? Ziko njia gani? Nisipopasuliwa itakuwaje? Nikipasuliwa nitaweza nini na sitaweza nini? Kama lugha inakushinda, omba mkalimani, au mwite mtumishi wa jamii. Kuuliza si kumkosea daktari adabu.

5. Shika gongo kwa mkono wa upande wa pili. Nyonga ya kulia ikiuma, gongo liwe mkono wa kushoto. Wengi hapa wanafanya kinyume, na wanaipa nyonga mbovu mzigo zaidi.

6. Usimeze dawa za maumivu kwa miezi bila kupimwa. Diklofenaki na aina zake zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo.

7. Fanya mazoezi uliyofundishwa. Misuli ya paja na matako ikiwa na nguvu, inaisaidia nyonga kubeba. Murray alikuwa na watu wa kumfanyisha mazoezi kila siku, wewe una mtaalamu siku moja na ndugu zako siku sita. Mfundishe mmoja wa nyumbani akuhesabie.

8. Mtu aliyewekewa nyonga ya bandia, katika miezi ya kwanza, mara nyingi hukatazwa kuchuchumaa, kuketi kwenye kigoda kifupi na kukunja miguu nne, maana nyonga inaweza kuteguka. Vyoo vyetu ni vya kuchuchumaa. Basi kabla hajarudi nyumbani, tengenezeni kiti imara chenye tundu katikati, kiwekwe juu ya shimo. Mafundi wetu wa mbao wanajua kukitengeneza.

9. Nanyi majirani, msimwite mtu kiwete mbele ya watoto wake. Mchoteeni maji, mshikieni zamu kwenye foleni ya mgawo. Mtu anayejua kuwa maji yatafika nyumbani kwake atakubali kulala hospitali wiki mbili. Anayejua kuwa watoto wake watakaa na kiu hatakubali.

MANENO KWA VIJANA WA MICHEZO

Ninyi mnaocheza, sikilizeni. Tumezoea kumsifu anayecheza akiwa ameumia. Tunasema huyo ndiye mwanamume. Murray alikuwa mwanamume, na alipoona soksi zinamshinda alisema mbele ya wote kuwa anaumwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mwenzako akianguka akashindwa kuinuka, msimvute mguu, wala msimwinue asimame. Mlazeni, mguu usitikisike, tafuteni machela au turubali, mmpeleke. Maumivu ya kinena yakizidi wiki mbili, mwambie kocha, uende ukapimwe.

Tena wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi niliposoma shule nilifikiri methali hiyo ni ya mpira tu. Sasa naona ni ya hospitali pia. Kukubali kuwa upasuaji wa kwanza haukufaulu si kukubali kuwa wewe umekwisha. Anayekubali ndiye anayepata nafasi ya kujaribu tena.

MWISHO

Ndugu zangu, nitamaliza kwa ukweli kama nilivyoanza. Jina la kaka yangu liko mbele ya kamati. Hatujui watasema nini. Wanaweza kukubali atolewe skrubu, wanaweza kukubali zaidi ya hapo, wanaweza kusema angoje. Akirudi kudaka mpira ningefurahi, lakini simwombei hilo. Naomba alale usiku. Naomba avae viatu vyake mwenyewe na aende msibani au harusini bila kuhesabu hatua.

Ila kipo kitu kimoja ambacho tayari tumekipata. Uso wake umepungua uvimbe, dawa anazomeza zimeandikwa jina, na Jumamosi iliyopita alikwenda uwanjani kwa magongo, akaketi nyuma ya goli akawafundisha watoto mahali pa kusimama wakati wa kona. Alipowapigia kelele, mama alisikia kutoka nyumbani. Akaniambia, "Mwanangu amerudi."

Basi wewe unayesoma, kama una karatasi ya hospitali uliyoificha kwa hasira, itoe leo. Kama ndugu yako ndiye aliyeificha, usimgombeze. Keti naye, msomee karatasi hii, kisha mngoje. Mtumishi wa jamii wa zoni yako anaijua njia ya kituo cha afya, na atakusindikiza bila malipo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.